Mama Aliyechorwa Mgongo

Ki, ki, ki.

Kijiko kiligonga kikombe cha bati mara tatu, taratibu, kisha kikanyamaza. Nje kulikuwa bado giza na jogoo wa jirani hajawika.

Lydia alifumbua macho. Aliujua mlio ule. Baba yake alikuwa ameamka na hakutaka kumwita. Mzee Gershom aliona kwamba ukimwita mtu kwa jina, lazima ainuke. Lakini ukigonga kijiko polepole, mwenye usingizi mzito ataendelea kulala na hakuna atakayelaumiwa. Kwa miaka sita Lydia hakuwahi kuendelea kulala hata siku moja. Hata hivyo kila alfajiri aliiona hisani ile, akaipokea.

"Nimekusikia, Baba."

"Sikukuita."

"Najua. Ni kijiko."

"Kijiko hiki kina mdomo mrefu," alisema mzee kutoka chumba cha pili. "Lala kidogo."

Hakulala. Aliwasha jiko, akateka maji kwenye pipa, akakoroga uji, akamtia baba dawa ya macho, tone moja kila jicho, huku mzee akilalamika kwamba dawa ni baridi kama mkono wa daktari. Kulipopambazuka alikwisha kufua, kufagia na kuoga. Alikuwa na miaka arobaini, lakini asubuhi miguu yake ilikuwa kama ya mtu wa sabini. Aliwahi kuolewa Mombasa miaka minne, ndoa ikaisha bila kelele, na macho ya baba yalipoanza kufifia akarudi kumtunza. Tangu hapo hakuna aliyemwuliza kama amechoka, na yeye mwenyewe alikuwa ameacha kujiuliza.

Duka lake lilikuwa chumba cha mabati hatua chache kutoka njiapanda ya Garsen, pale mabasi ya Mombasa, Lamu na Garissa yanaposhusha watu. Alikuwa na mashine ya fotokopi, printa, na kompyuta moja ya zamani. Nje ya mlango, chini ya turubai, Esha wa Kipini aliuza chai na mahamri. Siku hiyo ya Jumanne palijaa watu: wanawake wa Kiorma na madumu yao ya maziwa, walimu wenye fomu za kujaza, abiria waliotafuta choo, na mbuzi wawili waliojiona nao ni abiria.

Mwanamume mmoja alishuka basi la Mombasa akaja moja kwa moja dukani. Alivaa shati jeupe lililokunjamana kwa safari na suruali ya kaki, na nyuma ya miwani macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekesha matangani.

"Hujambo, dada. Mashine inafanya kazi?"

"Inafanya ikitaka. Leo sijaiuliza."

"Basi niulizie."

"Wataka kopi ngapi?"

"Sitaki kopi. Nataka uniskanie kitabu kizima, kurasa ishirini na nne, kwa usafi kabisa. Kilichoko kwenye kompyuta yangu kina mistari kama kimekwaruzwa na paka. Na hiki nimeazima, kwa hiyo tukishike kama yai."

Alifungua mkoba akatoa kitu kilichofungwa kwa taulo. Lydia alipoona jalada, alianza kucheka, akaziba mdomo kwa kiganja, akacheka tena.

"Wacheka nini?"

"Nacheka kwa sababu umetoka Mombasa yote hiyo kuja kunionyesha kitabu cha babangu."

Kilikuwa *Maro Amngoja Mama*, kitabu kilichosomwa na karibu kila mtoto aliyepita darasa la pili kandokando ya Mto Tana, na hata mbali zaidi. Mama anavuka mto kwenda shambani. Maro anabaki ukingoni. Anamwuliza kiboko, anamwuliza mamba, anawauliza nyani na korongo: mamangu mmemwona? Mwishowe mama anarudi na mikungu ya ndizi, wakashikana mikono wakaenda nyumbani. Ni hayo tu. Lakini watu wazima wenye ndevu walikuwa bado wanakikumbuka.

Yule mwanamume alikuwa amevua miwani. "Wachapishaji waliniambia mchoraji alifariki zamani."

"Basi marehemu leo asubuhi amekunywa uji vikombe viwili na kulalamika sukari haitoshi."

"Mungu wangu."

"Lydia!" Esha aliita kutoka kwenye turubai lake. "Huyo mgeni anataka chai, au anataka kukutazama tu? Nijue kama nimwage maji."

"Nataka vyote viwili, mama," mgeni alijibu, na Esha akacheka hadi akashika nguzo.

Jina lake lilikuwa Kitsao. Alizaliwa upande wa Malindi na kazi yake ilikuwa kuchora katuni za kutembea, zile za kwenye runinga. Kampuni moja ilikuwa imemwajiri kukigeuza kitabu cha Maro kiwe filamu fupi ya watoto. Alikuwa safarini kwenda kuutazama mto kwa macho yake, na basi liliposimama Garsen aliona kibao cha fotokopi akashuka.

"Tena michoro yenyewe tunayo nyumbani," Lydia alimwambia. "Iko ndani ya sanduku la bati, chini ya kitanda."

Kitsao aliketi juu ya kreti ya soda bila kuulizwa. Lydia aliona kwamba kabla ya kuketi alikitia kitabu kwanza ndani ya taulo lake, na akampenda kidogo kwa hilo.

Nyumba yao ilikuwa nyuma ya kanisa, ya matofali, yenye baraza ndogo na mpapai mmoja. Mzee Gershom alimpokea mgeni kwa mikono miwili, kwa kuwa macho hayakumsaidia tena zaidi ya kutofautisha mwanga na kivuli. Kitsao alifungua kompyuta yake akamweleza kila kilichomo: jinsi Maro atakavyopepesa macho, jinsi kiboko atakavyopiga miayo, jinsi mama atakavyopiga makasia.

"Atapiga nini?"

"Makasia, Mwalimu."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, huku mama anasimama ndani ya mtumbwi, anausukuma kwa upondo. Makasia ni ya watu wenye bahari. Ukimketisha na makasia, watoto wa kijijini Wenje watadhani amepotea njia."

"Nitambadilisha leo hii. Na mto nimeutia rangi ya kahawia, kama ulivyo."

"Mto ni kahawia, ndiyo. Lakini kwenye kitabu ni buluu. Unajua kwa nini? Nilikuwa mwalimu wa shule ya mto, sina rangi. Nilikuwa na wino mweusi na buluu ya kufulia nguo. Nikaloweka buluu kwenye kifuniko cha chupa, nikapaka kwa pamba. Watoto waliniuliza mbona mto ni buluu, nikawaambia umefuliwa."

Lydia alivuta sanduku, akafungua karatasi moja moja juu ya kitanda. Kitsao hakuzigusa mpaka alipokwenda kunawa mikono na kuifuta vizuri. Kitabuni buluu ilikuwa imetoka bapa, kama rangi ya ukuta. Hapa ilikuwa na mawimbi, nzito mahali pengine na nyepesi pengine, na ukutazama sana uliona nyuzi za pamba. Kila palipokuwa na mama, mama alikuwa ametugeuzia mgongo: leso imefungwa kiunoni, shingo ndefu, kisogo kilichosukwa mistari minne. Hata ukurasa wa mwisho, akienda nyumbani na Maro, uliuona mgongo wake tu.

Kitsao aliuinua ukurasa ule dirishani. Jua la jioni likapita kwenye karatasi. Akausogeza karibu na miwani, akamtazama mzee, akaurudisha chini taratibu kuliko alivyouinua. Lydia akadhani ni heshima.

Lydia alipomsindikiza barabarani alimweleza. "Walimu husema Baba alimchora mama mgongo kwa ajili ya marehemu, ili asimsumbue. Mamangu alifariki nikiwa na miaka miwili. Picha yao ya harusi ilikuwa moja tu, na mwaka huo huo mto ulifurika ukaingia ndani, ikalowa ikawa uji. Kwa hiyo mgongo ule ndio mamangu. Sina mwingine."

Kitsao alihamishia mkoba bega la pili. "Ni mgongo mzuri," alisema. "Nimechora watu miaka ishirini, sijawahi kuona mgongo unaopendwa hivyo."

Simu zikaanza wiki hiyo hiyo. Alipiga saa moja jioni, Lydia akiwa anafunga duka.

"Hujambo, mwenye mashine?"

"Mwenye mashine hajambo. Mashine ndiyo inaumwa."

"Ina nini?"

"Imekula karatasi ya mtu wa kuomba kazi. Sasa imeshiba, haitaki kutapika."

"Na wewe umekula?"

Lydia aliacha kufunga kufuli. Swali lile lilimpita mwilini kama maji ya vuguvugu. "Bado."

"Basi kata simu ukale. Nitapiga tena."

"Utapiga kweli?"

"Nisipopiga, mwambie Esha anitukane."

Alipiga. Akaja mwisho wa mwezi, akaja na mwezi uliofuata. Mara ya tatu alishuka basi amebeba kiti kirefu chenye egemeo, abiria wote wakimcheka.

"Ni cha nini hiki?" Lydia aliuliza.

"Nimekutazama siku mbili nzima ukisimama mbele ya mashine. Mashine imesimama kwa sababu haina magoti. Wewe unayo."

Esha alipiga vigelegele. "Shoga, wanaume huleta marashi. Huyu ameleta fanicha! Shika huyu, wallahi usimwachie!"

Lydia aliketi. Egemeo lilifika mahali panapouma hasa. Aligeuka upande wa mashine ili asionekane akifuta macho.

Walikuwa watu wawili waliochoka, na mapenzi yao yalikuwa ya watu waliochoka. Hawakukimbizana. Waliketi barazani wakimenya maembe, wakamsikiliza mzee akieleza nyani anavyojikuna, Kitsao akichora palepale. Wakati mwingine Lydia alisinzia katikati ya mazungumzo, na alipoamka alikuta wamepunguza sauti.

Walibishana pia, kwa utani. "Kwenye kitabu," Lydia alisema siku moja, "mama anavuka kwa muda ninaotaka mimi. Nikitaka avuke asubuhi nzima, namwacha mtoni. Kwenye katuni yako anavuka kwa muda gani?"

"Sekunde tisa."

"Sekunde tisa! Hata mamba hajamwona!"

"Nimepigania hizo tisa, mpenzi. Wakubwa walitaka nne."

Jioni moja kwenye simu Lydia hakutania. "Kitsao, nina ombi."

"Sema."

"Usimgeuze mama. Najua watataka uso. Watoto wa siku hizi wamezoea katuni za kukodoa macho. Lakini nikiwa mdogo nililala nikimwekea uso ninaotaka, leo huu, kesho ule. Mtu akimpa uso mmoja wa kubuni, nitakuwa nimempoteza mara ya pili."

"Sitamgeuza."

"Apa."

"Siapi. Nimesema, na nikisema nimesema."

Wiki mbili baadaye Kitsao alikuja siku ya kazi, akakaa na mzee mchana kutwa. Lydia aliporudi nyumbani aliwakuta kimya, kompyuta imefunikwa, mkono wa baba umelala juu ya mkono wa Kitsao kama wa mtu anayezuia kitu kisianguke. Kitsao aliondoka mapema. Alisahau hata kumchokoza. Lydia akajiambia amechoka, na kwa kuwa yeye mwenyewe uchovu aliujua, hakumwuliza zaidi.

Filamu ilionyeshwa kwanza Garsen, kwa heshima ya mzee, Ijumaa alasiri katika ukumbi wa mikutano. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi. Watoto wa shule walikaa chini kwenye mikeka, wakubwa kwenye viti. Lydia alivaa gauni jipya la zambarau lililoshonwa na fundi wa sokoni. Esha alimwazima hereni zake za dhahabu na kumfunga kilemba mara tatu mpaka kikakaa.

Kitsao alimfuata mlangoni. Alivaa koti, jasho likimtiririka. "Lydia, kabla hawajaanza, twende nje kidogo. Kuna jambo."

"Baadaye. Nisipoketi sasa, miguu itakataa."

"Ni muhimu."

"Na miguu yangu pia," alisema akicheka, akamgusa shavu, akaenda kuketi baina ya baba yake na Esha.

Taa zikazimwa. Mto ukatokea ukutani, buluu kama nguo iliyofuliwa, na watoto wakashangilia. Nyani alijikuna kama mzee alivyofundisha. Kiboko akapiga miayo, mtoto mmoja akalia akachukuliwa nje. Mama alisimama ndani ya mtumbwi, akausukuma kwa upondo, mgongo wake ukipinda na kunyooka. Lydia alihesabu moyoni: moja, mbili, tatu, hadi tisa. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kumwona mama yake akitembea. Alishika mkono wa baba.

Kisha mwisho ukafika. Maro akashikwa mkono, wakaanza kwenda. Maro akaita, "Mama!"

Na mama akageuka.

Alikuwa na doa jeusi chini ya jicho la kushoto. Alikuwa na mwanya. Chini ya macho yake kulikuwa na vivuli viwili, kama vya mtu anayeamka kabla ya jogoo. Alitabasamu.

"He! Huyo si Lydia wa fotokopi?" mtu alisema nyuma.

"Ni yeye! Ni yeye kabisa!"

Ukumbi ulicheka, ukapiga makofi, watu wakageuka kumtazama. Hawakuwa na ubaya. Lakini Lydia alihisi kana kwamba mtu ameingia chumbani mwake, akamtoa mama kitandani, na kumlaza yeye mahali pake. Alipoinuka alimsikia baba akimnong'oneza Esha, "Amegeuka?" Hakutulia kujiuliza baba amejuaje.

Kitsao alimkuta nje kwenye jua kali.

"Ulisema," Lydia alimwambia.

"Nilisema."

"Na ukamgeuza. Tena ukamtia uso wangu, na uchovu wangu wote, mji mzima ukacheka."

"Hawakukucheka. Lydia, nisikilize. Kuna jambo ambalo siwezi..." Alitazama mlango wa ukumbi. Ndani, mzee alikuwa ameinua uso kuelekea ukuta asiouona. "Siwezi kulisema mimi."

"Basi nenda nalo."

"Lydia."

"Nilikuwa na mgongo, Kitsao. Mgongo tu. Na huo nao umeuchukua."

Alivua hereni za Esha palepale, asije akazipoteza kwa hasira, akazifunga kwenye leso, akaenda nyumbani kwa miguu.

Kwa wiki tatu simu ililia saa moja jioni, na kwa wiki tatu Lydia aliitazama mpaka ikanyamaza. Kile kiti kirefu alikisukuma kwenye kona, akasimama. Magoti yakauma.

"Shoga, simu hiyo inalia kama mtoto wa kambo," Esha alisema. "Ichukue hata umtusi."

"Sina nguvu za kutusi."

"Basi nipe mimi. Nina nguvu, na nina maneno."

Lydia alitabasamu bila kutaka. Esha hakusema zaidi. Lakini kila siku alimwekea mahamri mawili juu ya mashine, yaliyofunikwa kwa karatasi, na jioni alikwenda kumsalimu mzee. Siku moja mzee alimwomba jambo, na Esha akatoa simu yake, akatafuta namba, akaiweka sikioni mwa mzee, kisha akatoka akasimama chini ya mpapai ili asisikie.

Jumamosi iliyofuata Lydia aliamka na jua limefika ukutani.

Alilala akilitazama, bila kuelewa. Kisha akaelewa. Kijiko hakikulia. Miaka sita kijiko hakijakosa kulia.

"Baba!"

Alitoka chumbani amejitanda leso, miguu pekupeku, akaona kitanda cha mzee kitupu, akakimbilia barazani.

Mzee Gershom alikuwa ameketi kwenye kiti chake, kikombe mkononi. Pembeni Kitsao alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko, shati limejaa majivu, anapepea makaa kwa kipande cha boksi. Uji ulikuwa unachemka.

"Mbona mmenitisha hivi?" Lydia alisema. "Mbona hakuna kijiko?"

"Nimekificha mfukoni," mzee alisema. "Huyu alilala gesti ya stendi, amebisha hodi kabla ya alfajiri. Nikamwambia tunyamaze. Nilitaka siku moja ulale mpaka uchoke kulala. Na macho nimetiwa dawa. Ana mkono wa moto, si kama wako."

Lydia aliketi kwenye ngazi. Hakumtazama Kitsao.

"Kalete ukurasa wa mwisho," mzee alisema. "Ule wa sandukuni."

Aliuleta.

"Uinue uelekee jua. Tazama mahali penye kichwa chake."

Lydia aliuinua. Mwanga ukapita. Karatasi yote ilikuwa nzito, ya manjano, lakini nyuma ya kisogo kile palikuwa pembamba kama ganda la kitunguu. Alama za raba zilizunguka hapo, juu ya nyingine, juu ya nyingine, na mahali pamoja palikuwa na tundu dogo la kupita sindano.

"Kwanza nilimchora kwa penseli, akitazama mbele," mzee alisema. "Kurasa zote nilianza hivyo. Nikachora, nikafuta. Nikachora, nikafuta. Kila uso ulikuwa wa mtu mwingine. Nilikumbuka sauti yake. Nilikumbuka anavyofunga leso, na kisogo chake akienda shambani, kwa kuwa nilimtazama akienda kila siku. Lakini uso ulikuwa umeniondoka, Lydia. Miaka minne tu na umeniondoka. Karatasi ilipoanza kutoboka, nikamgeuza."

Lydia alipitisha kidole juu ya lile tundu.

"Walimu wakaja wakasema, Mwalimu, umemchora mgongo kwa heshima. Nikasema naam. Ningesemaje? Kwamba nimemsahau mke wangu? Nikaubeba uongo huo zaidi ya miaka thelathini, na nyinyi mkanisifu nao." Aligeuza kikombe mikononi. "Kisha mwaka ule kabla macho hayajafifia kabisa, shangazi wa mama yako alikuja kutoka Chara. Unamkumbuka? Ulikuwa umesimama mlangoni na ndoo. Akaketi chini akalia. Akasema, Gershom, mkeo Christabel huyu hapa. Doa lile lile. Mwanya ule ule."

"Hukuniambia."

"Ningekuambia vipi bila kukwambia kwamba mimi mwenyewe sikumtambua? Nimekula na uso ule, nimeupeleka shule, na sikuutambua. Huyu Kitsao alipokuja aliona karatasi dirishani siku ya kwanza. Alijua. Hakunifedhehesha, aliniuliza tulipokuwa wawili tu. Ndipo nikamwomba amalizie kazi yangu, na nikamwapisha asikwambie. Kosa ni langu."

Lydia aliweka ukurasa magotini. Polepole alipandisha vidole, akagusa doa chini ya jicho lake, akagusa midomo, kama kipofu anayejifunza mtu. Machozi yalikuja, na hakuyafuta. Aliuacha ukurasa kwenye ngazi, akapiga magoti mbele ya kiti cha baba, akakichukua kiganja chake kikavu, akakiweka usoni pake.

"Basi mtazame, Baba," alisema.

Mzee alipitisha kidole gumba juu ya nyusi, juu ya shavu. "Naam," alisema. "Naam. Ni yeye."

Kitsao alikuwa ameacha kupepea. Uji ulianza kufurika, akaishika sufuria kwa mkono mtupu, akaungua, akajitahidi asipige kelele.

"Wewe," Lydia alimwambia hatimaye. "Leta mkono huo." Alimmiminia maji kwa kata. "Mimi nilikuomba usimgeuze. Yeye alikuomba umgeuze na unyamaze. Ungefanya nini?"

"Ningekwambia hivi: nimeombwa jambo nisiloweza kulisema, lakini usiende kuketi mbele ya watu kabla hujaliona. Hilo tu lingetosha. Nilikuwa na majuma kadhaa ya kulisema, nikaliacha mpaka mlangoni. Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kukosa simu za jioni."

Alimtazama. Alikuwa amekonda, na macho yake yalikuwa mekundu kuliko siku ya kwanza. "Na vile vivuli chini ya macho? Navyo baba alikuomba?"

"La. Hivyo nilivichora kwa kuwa ninaviona. Wakubwa walitaka niviondoe, niliwaambia mama anayetoka shambani hawezi kuwa na uso wa mtu aliyelala mchana. Watoto wake wanamjua." Akasita. "Kila nilipofika mahali pale nilitaka kusimamisha filamu, nikuletee kiti."

Mzee alikohoa. "Mimi sioni," alisema, "lakini masikio yangu ni mazima. Nipeni uji kwanza."

Walimpa uji. Walikunywa nao, kila mmoja amechoka kwa namna yake. Huko njiapanda basi la kwanza lilipiga honi. Lydia alikumbuka duka lilikuwa halijafunguliwa, na kwa mara ya kwanza hakuona haja ya kukimbia.

"Lydia," Kitsao alisema. "Kazi yangu inahitaji meza na umeme tu. Naweza kuifanya hapa Garsen. Nataka kukuoa. Nataka kukisikia kijiko hiki kwa zamu, leo mimi, kesho wewe."

Mzee alisimamisha kikombe karibu na mdomo.

Lydia aliutazama ukurasa uliokuwa bado kwenye ngazi, ule mgongo mwembamba wenye tundu la sindano. Alitaka kucheka, alitaka kulia tena, na zaidi ya yote alitaka kurudi kulala.

"Usiniulize leo," alisema. "Leo nimepata usingizi na nimepata mama, vyote kabla ya saa mbili asubuhi. Jambo la tatu sina pa kuliweka."

"Nikuulize lini?"

Aliinuka, akachukua kile kipande cha boksi, akampangusia majivu begani, mara moja, mara mbili, bila haraka.

"Jumamosi ijayo uje tena," alisema. "Uje mapema, kabla ya kijiko. Halafu uniulize."